Nane Nisiyoichora

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimerudi mzima. Vidole vyote vipo. Nimevihesabu ndani ya pikapu kabla ya kuzima injini.

Leo muski, yule samaki mkubwa wa ziwani, amenitazama usoni.

Naandika jikoni, mlango nimeutia komeo, kana kwamba samaki anaweza kupanda ngazi. Najua hawezi. Nimetia tu.

Ilikuwa hivi. Mimi nimesimama mbele ya boti, Rudy Zastrow yuko nyuma yangu kwenye makasia, kama tulivyokaa tangu Rudy akiwa na nywele. Narusha nzi. Tunamwita nzi, lakini ni manyoya ya jogoo na singa za mkia wa kulungu zilizofungwa kwenye ndoana, mkubwa kama kindi aliyelowa. Kurusha kindi aliyelowa tangu asubuhi mpaka bega lilie, hiyo ndiyo starehe ya wazee wa Ziwa Tamarak. Kwingine wazee wanacheza karata.

Tena muski hali mara moja! Anafuata. Mrefu kama benchi la kanisani, mdomo wa mamba, anamfuata nzi bila sauti mpaka kando ya boti, miguuni pako, ndipo aamue kama ana njaa. Kwa hiyo kuna sheria, na huku kaskazini ya Wisconsin inaheshimiwa kuliko za mchungaji: ukimaliza kuvuta mshipi usimnyanyue nzi. Chovya ncha ya ufito wa kuvulia majini, uchore nane, ile tarakimu. Nane kubwa, ya polepole, ubavuni mwa boti. Muski anakamatwa kwenye nane. Na wakati huo mkono wako uko pale. Na uso wako.

Mimi sichori nane. Mimi nanyanyua mapema, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, halafu nasingizia bega.

Leo nimenyanyua, na nyuma ya nzi alikuwepo. Maji ya Tamarak ni meusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Kwanza niliona gogo. Halafu gogo likawa na macho. Macho ya muski yako juu ya kichwa, yanatazama juu, hayapepesi. Alinitazama kama mama mkwe aliyekukuta unaonja mchuzi kwa upawa na kuurudisha chunguni. Halafu akazama taratibu, bila haraka, kama mtu anayejua unapoishi.

Rudy hakufoka. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alipiga kasia kidogo, akauliza bega linaendeleaje. Nikasema linauma. Akasema pole sana. Halafu, huku anatazama miti, akasema yule daktari wa meno amemwuliza kama kuna nafasi mbele.

Nafasi mbele ni moja. Nilikuwa nimesimama juu yake.

Jumanne, 15 Oktoba

Sijalala vizuri. Nimeota gogo.

Huyu daktari wa meno anaitwa Kessler. Kastaafu, kahama kutoka Milwaukee na vifaa vipya kama vya harusi. Ana fulana ya kuzuia jua, ana kitambaa cha uso, ana miwani ya kuona chini ya maji. Kichwa chake kimesoma mpaka kikaota upara. Na haogopi meno! Mtu aliyekaa miaka yote na mikono mdomoni mwa watu, utamtisha na nini?

Boti ya Rudy ina viti vitatu. Katikati anakaa mwenye makasia. Nyuma ni kiti cha Lorraine, marehemu mkewe, na mto wake wa kijani bado upo, na hakuna aliyethubutu kuukalia. Hata mvua ikinyesha Rudy anaufunika kwanza kabla ya kujifunika mwenyewe. Kwa hiyo kinabaki cha mbele. Changu.

Na tangu Lorraine afariki, Rudy nchi kavu haongei. Dukani anaitikia kwa kichwa. Kanisani anaimba mdomo umefungwa. Anaongea botini tu, na anayeongea naye ni aliyesimama mbele. Nikikipoteza kiti, nimempoteza Rudy, hakuna njia nyingine ya kusema. Nitabaki nyumbani na akina mama wenzake Marlys, mke wangu, wanaoshona mablanketi ya viraka sebuleni kwangu, wakiniuliza kwa sauti kama nimekojoa vizuri.

Nilimwambia Marlys kwamba nina tatizo. Hakuinua macho kwenye uzi wake. Akasema tatizo langu anaishi nalo tangu harusi, niongeze kuni motoni.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimepata dawa ya hofu. Ni kuizoea!

Kule baa kwa Bev, juu ya chupa za brandi, kuna muski aliyekaushwa, katundikwa ukutani kinywa wazi. Kafa zamani kabla ya umeme. Nikawaza: nikimkazia macho huyu kwa muda, uso kwa uso, nitazoea. Mtu akizoea mbwa aliyekufa, yule hai atambwekea bure.

Nikaenda mchana, baa tupu. Bev alikuwa anafuta glasi. Nikamwambia nataka kumwangalia samaki. Akasema mwangalie, si ndiyo kazi yake. Nikapanda juu ya kiti kirefu.

Kwa karibu ni mbaya zaidi. Ana meno hata kwenye ulimi. Vumbi limekaa machoni, na bado anakuona. Nikajisogeza. Nikajikaza. Nikamwambia kwa sauti ya chini kuwa yeye ni mti na rangi tu. Ndipo kiti kikateleza kidogo, nikanyoosha mkono kujishika, na sweta ikaingia kinywani.

Nilipiga kelele. Sikatai. Muski amekufa tangu enzi za babu yangu na bado amenikamata!

Meno yao yamelala kuelekea ndani. Ukivuta, yanashika zaidi. Nikavuta. Bev alisema nisivute. Nikavuta. Na katika wateja wote wa wilaya nzima, aliyefungua mlango wakati huo ni Daktari Kessler. Alipanda kiti cha pili bila kuulizwa, akaniambia nilegee, nipumue kwa pua. Akaanza kuzitoa nyuzi jino moja baada ya jingine, huku anayasifia. Eti haya ya juu ni ya kushikia, haya ya chini ni ya kuulia, tazama ufizi ulivyokaa, kazi safi. Nikiwa nimening'inia kama nguo kwenye kamba! Mwisho Bev akachoka, akaukata mkono wa sweta kwa kisu cha ndimu.

Marlys ndiye aliyeifuma. Nimemwambia ni panya. Akauliza panya wa kimo gani.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mpango mpya. Hofu iachwe palepale, bega ndilo liugue sawasawa. Mgonjwa hafukuzwi. Rudy ana roho nzuri, hawezi kumtoa mgonjwa kwenye kiti chake akakaa na amani.

Nikachukua kitambaa cha kufutia vyombo, nikauning'iniza mkono shingoni. Kilikuwa na picha za kuku, nikakigeuza. Jioni tukaenda kwa Bev kula samaki wa kukaanga, kama kila Ijumaa. Nikaingia taratibu, nimekunja uso, nikiachia vimlio vidogo penye watu. Kila mtu akaniuliza. Nikasema ni uzee, ni ziwa, msinijali. Rudy akanivutia kiti. Akanikatia viazi vyangu kwa kisu chake! Roho iliniuma, lakini kidogo, maana viazi vilikuwa vizuri.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka bahati nasibu ya nyama. Bev anasukuma gurudumu, linasimama kwenye namba, mwenye namba anachukua kilichopo mezani. Leo palikuwa na paja zima la nguruwe, la kuokwa kwa moshi. Gurudumu likazunguka. Likapunguza. Likasimama kwenye yangu.

Niliruka. Nilinyanyua mikono yote miwili juu ya kichwa. Nilizungusha kitambaa cha kuku hewani kama bendera.

Baa ikacheka mpaka glasi zikalia. Bev akasema kwenye kipaza sauti ndugu zangu, nyama hii inaponya. Daktari Kessler akasema angependa kuandika makala juu ya tukio hilo. Marlys alitazama kitambaa chake.

Rudy peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama viazi alivyonikatia.

Paja ni tamu. Nimelila kwa woga.

Jumamosi, 19 Oktoba

Rudy amepita. Hakuzima injini. Aliteremsha kioo, akasema maneno machache, na kwa kuwa yuko nchi kavu hayo ni mengi: Jumanne tunaingia ziwani sote watatu, mimi na yeye na daktari. Ndiyo siku ya mwisho kabla hajaipandisha boti nchi kavu kwa ajili ya baridi. Mbele tutasimama kwa zamu. Akirudi ufukweni atasema nani atasimama pale mwaka ujao. Akapandisha kioo.

Nimekaa kwenye ngazi mpaka makalio yamepata ganzi.

Lakini mimi sikuendesha katapila la kusukuma theluji la wilaya hii muda wote ule kwa kukosa akili. Ziko njia. Kila mvuvi hapa anajua ndizi haingii botini. Ndizi ni mkosi. Ukiwa nayo, samaki hawaji, injini inakufa, mtu anatumbukia. Rudy aliwahi kumrudisha mtu ufukweni kwa sababu mafuta yake ya kuzuia jua yalinukia ndizi. Nchi nzima ya wavuvi inajua. Isipokuwa daktari wa meno wa Milwaukee.

Nilimkuta posta. Nikamsalimia kwa heshima, nikamwita daktari, nikamwomba radhi kwa yale ya kitambaa. Halafu nikamwinamia, nikamnong'oneza kama ndugu kwamba Rudy, mtu yule mgumu, ana udhaifu mmoja: ndizi. Anazipenda kama nyani. Akiletewa ndizi botini anaweza hata kulia.

Daktari akanishika mkono wangu kwa mikono miwili. Akasema hakujua kuwa mimi ni muungwana kiasi hiki.

Mimi pia sikujua!

Jumatatu, 21 Oktoba

Kesho.

Nimekwenda gatini mchana kujaribu peke yangu. Nilisema nitachora nane moja tu, na ufito mtupu, bila nzi wala ndoana. Upepo ulikuwa umekufa. Ziwa limetulia kama kioo cheusi, na majani ya njano juu yake. Karibu na matete alikuwepo bata mmoja, anajipitia zake.

Nikachovya ncha. Nikaanza kichwa cha nane.

Bata akatoweka.

Hakuruka. Hakulia. Alikuwepo, halafu palikuwa na duara la maji linalopanuka, na unyoya mmoja. Duara likaja polepole mpaka likagusa nguzo za gati chini ya miguu yangu.

Sikumbuki nilivyofika kwenye pikapu. Ufito nilikuwa nao, ila umevunjika ncha, nadhani niliupitisha mlangoni wima.

Jioni Marlys amenikuta nimekaa ndani ya beseni la kuogea, limekauka, nimevaa viatu, natazama tundu la maji. Akakaa ukingoni. Akasema kwa upole, jambo linalotisha, kwamba kama naogopa samaki si nimwambie tu Rudy. Nikamwuliza nani anaogopa. Akasema basi, akazima taa akaniacha humo.

Jumanne, 22 Oktoba

Nisameheni mwandiko. Lazima niandike yote kabla sijaanza kuyatengeneza.

Asubuhi chembe za barafu zilikuwa zinanyesha, zinachoma mashavu. Rudy kashusha boti. Daktari akaja na kitambaa chake cha uso na kifurushi chini ya kwapa. Tuliposogea mbali na ufukwe, akakifungua.

Hazikuwa ndizi. Ulikuwa mkate wa ndizi. Mkewe kauoka alfajiri, bado unatoa moshi.

Harufu ikajaa boti nzima. Rudy aliacha makasia. Nikasema ndani yangu, sasa hivi! Anamtupa! Nilishika ubao nisitikisike daktari atakapotumbukia.

Rudy aliutazama mkate ule. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hakuna mtu aliyemwokea kitu tangu Lorraine. Akakata kipande. Akala. Akakata kingine, akala macho yamefumba. Akasema mambo ya mkosi yalikuwa ya watu wenye wake wa kuwapikia nyumbani. Halafu akauliza nani alimpa daktari wazo hili. Daktari, na uso wa malaika, akasema ni Alvin.

Rudy akageuka akaniangalia. Akasema asante, Alvin.

Na hapo ndipo nilipoelewa ubaya wa nilichofanya. Katika boti ile, aliyekuwa anaamini mkosi wa ndizi alikuwa ni mmoja tu. Mimi! Daktari haujui, Rudy kausamehe, na mimi nimekaa katikati ya ziwa jeusi na ndizi zilizookwa, nimezileta mwenyewe. Nilipewa kipande. Nilikishika kama mtu aliyepewa bomu amshikie mwenzake.

Daktari alianza, mimi nikakaa sakafuni, maana mto wa Lorraine haukaliwi. Nampa haki yake: anarusha vizuri, na nane yake inapendeza, ya mviringo, kama saini ya mtu mwenye hospitali yake. Mara ya kwanza, hakuna. Mara nyingi, hakuna. Halafu Rudy akasema, polepole, anakuja.

Alikuja. Gogo. Nyuma ya nzi wa daktari, kinywa kimeachama kidogo. Na daktari alifanya nini? Aliacha kuchora! Akainama mpaka pua yake ikakaribia maji, akasema jamani, tazameni yale ya chini, hakuna hata moja lililooza! Rudy akampigia kelele zungusha, daktari, zungusha! Daktari anasema huyu hajawahi kula sukari maishani mwake! Nzi kasimama majini kama kitambaa. Muski akamtazama nzi, akamtazama daktari, akaona watu wa namna hii haifai kuhusiana nao. Akazama.

Rudy akafuta uso. Akasema Alvin, zamu yako.

Nikasimama. Nikachukua ufito wa Rudy, maana wangu ulivunjika. Nikarusha, nikavuta, na nilikuwa nimeshaamua: nanyanyua mapema, nasema bega, liwe liwalo. Nzi akakaribia. Na nyuma yake, palepale, kabla sijafanya lolote, yale macho.

Ni yule yule. Msinibishie. Alinijua.

Nilitaka kunyanyua. Naapa kwa kaburi la mama. Mkono ukakataa. Nilikuwa nimeganda kuanzia shingo mpaka nyayo, na ncha ya ufito imezama majini, na kitu pekee kilichokuwa kinafanya kazi mwilini mwangu ni kutetemeka. Magoti yanatetemeka, mikono inatetemeka, ufito unatetemeka, na kule chini kindi wangu anatetemeka, manyoya yote yanacheza, kama kiumbe kinachokata roho. Nyuma nikasikia Rudy akisema kwa mnong'ono, safi sana, hivyohivyo.

Maji yakafunguka.

Nilipiga ukelele ambao ng'ambo ya ziwa walidhani ni wa mwanamke. Ufito ukapinda mpaka kwenye mpini. Rudy akasema usiachie! Kana kwamba ningeweza! Vidole vilikuwa vimegoma. Nilijaribu kuachia, Mungu ananiona, niliviamuru vyote na hakuna kilichotii. Samaki akapita chini ya boti, mimi nikamfuata nusu mwili nje. Tumbo langu tu ndilo lililobaki ndani. Halafu nikahisi mtu kanishika mkanda wa suruali kwa nyuma, kaukamata imara, haniachii. Ni Rudy. Kasia moja mkononi, mkanda wangu mkono wa pili. Daktari akatia wavu majini.

Ndani ya wavu alikuwa kama mbwa ndani ya soksi. Daktari akachukua koleo akainama, akamwambia fungua mama, zaidi kidogo, haitauma. Akaitoa ndoana bila kumwaga damu hata tone. Inchi arobaini na tisa! Kisha ikaja ile desturi niliyoisahau: aliyemvua anamshika mikononi, anapigwa picha, kisha anamrudisha mwenyewe. Nikasema mshikeni nyie. Rudy akasema mshike, Alvin. Nikamshika. Alikuwa baridi, mzito kama mtoto aliyelala. Picha ipo. Ndani yake muski ana macho wazi, mimi nimefumba.

Kumrudisha ndiko kugumu. Unamshika mkia majini, unamsubiri, mpaka apate nguvu aondoke mwenyewe. Huwezi kumtupa, atakufa. Kwa hiyo nilipiga magoti na mkono wangu ndani ya maji yale, nimemshika mkia jinamizi langu, nikihisi anavyopumua. Anapumua haraka haraka. Kama mimi. Nilimwambia kitu, sitaandika nini. Halafu akapiga mkia, akanimwagia lita nzima usoni, akaenda.

Tukakaa. Chembe za barafu zinagonga kofia. Rudy akaanza kuongea. Akasema anajua habari ya bega tangu zamani, bega gani linauma kwa samaki tu na haliumi kwa nyama. Akasema yeye mwenyewe anaogopa kila mara, kila muski, mpaka leo, na kwamba Lorraine ndiye aliyekuwa anamshika mkanda. Hakutaka mtu jasiri mbele ya boti yake. Alitaka mtu wa kumwambia ukweli, maana mwenye makasia akijua mwenzake anaogopa, anaishikilia boti. Ukinidanganya, mzee wangu, akaniuliza, nitaipeleka wapi boti?

Kwenye viazi, akasema, ndipo alipoumia.

Nilikula ule mkate. Ulikuwa mzuri.

Ufukweni akasema kiti cha mbele ni changu nikikitaka, kwa sharti moja: nikiogopa, niseme. Nikampa mkono. Nikaapa. Halafu akauchukua mto wa kijani, akaukung'uta maji, akamwambia daktari mwaka ujao njoo na mkate, utakaa nyuma.

Daktari alilia. Kumbe nilimnong'onezea kweli tupu, ila nilikosea mtu.

Jumatano, 23 Oktoba

Shujaa!

Bev ameibandika picha kando ya gurudumu la nyama. Watu wananinunulia brandi. Wananiuliza nilimpataje, nane yangu ilikuwa ya namna gani. Nilitaka kusema ukweli. Ulifika mpaka kwenye meno. Lakini walikuwa wamenyamaza wote wananisikiliza, na lini watu wamenyamaza wananisikiliza?

Nikawaambia ni mtetemo. Ufundi wa Kinorwe wa kale, babu yangu alikuja nao melini. Nane ni ya wanaoanza. Fundi anasimama tuli, anatetemesha ufito kutoka kwenye magoti. Na macho unayafumba, ili umsikie samaki.

Nilipoondoka, wazee wanne walikuwa wamesimama katikati ya baa wanatetemeka macho yamefumba, na Daktari Kessler anawahesabia.

Rudy alikuwa kwenye kona. Aliitikia kwa kichwa. Sijui aliitikia nini.

Jumapili, 8 Desemba

Ziwa limeganda. Rudy kaja baada ya ibada, kazima injini, kaingia mpaka jikoni, kakaa. Nchi kavu, na anaongea! Marlys alimwaga kahawa mezani kwa mshangao.

Anataka tuanze kuvua kwenye barafu, mimi na yeye. Ana kibanda chake cha mbao, anataka kukikokota mpaka katikati kwa pikapu. Lakini barafu bado changa. Kwa hiyo mmoja atatembea mbele kwa miguu na nondo ya chuma, anagonga kila hatua chache, akisikiliza kama barafu inaitika vizuri. Mwenzake anafuata nyuma na pikapu, kamba ikiwa tayari. Yeye goti lake halifai kutembea. Kwa hiyo wa mbele ni mimi.

Chini ya barafu ile kuna maji meusi. Ndani ya maji meusi yumo yule mama, kalala, macho juu, hapepesi, na anajua sauti ya miguu yangu.

Rudy akaweka kikombe. Akaniangalia usoni, bila mzaha. Akaniuliza taratibu, kama rafiki: Alvin, barafu unaiogopa? Sema tu.

Marlys aliacha kufuta meza.

Nilicheka. Nikampiga bega. Nikamwambia mzee, mimi nimezaliwa juu ya barafu, mama alinilaza humo nisiharibike. Nikamwambia nina mbinu yangu ya kugonga, ya Kinorwe.

Amefurahi sana. Kesho asubuhi ananipitia.

Nimeshaanza kukohoa. Marlys anasikiliza kutoka sebuleni, anasema kikohozi hicho kinatoka kooni tu, cha kweli kinatoka kifuani. Kasema kweli. Nitakifanyia mazoezi.